ALGORITHIMU NI JINA LA MTU: Maisha ya Muhammad bin Musa al-Khwarizmi

 

Leo mambo ya boti na bei ya karafuu naweka kando. Kuna suala naulizwa sana na vijana wenzangu hapa Wesha, hasa msimu wa kujaza fomu za vyuo unapofika. Ati huko kwenye idara ya sayansi ya kompyuta watu wanatafiti nini hasa? Wengi wanadhani ni kutengeneza mashine zilizokufa, kuweka Windows, kutoa virusi, kuprinti na kuskani. Na kuna wale wanaojitoa mapema kabisa: mimi nyumbani kwetu hakuna kompyuta, hiyo kozi ni ya watoto wa matajiri.

Ningeweza kuwaorodheshea tu hizo nyanja za utafiti, mukasoma mistari miwili mukahamia kwenye matokeo ya mpira. Nawajua! Kwa hiyo nimeona bora nieleze maisha ya mtu mmoja. Mtu huyu hakuwahi kuona umeme, wala simu, wala hata saa ya mkononi. Amefariki yapata miaka 1,170 iliyopita. Lakini idara ya kompyuta yoyote, iwe SUZA, Dar es Salaam, Dodoma au Marekani, haiwezi kupita siku moja bila kulitaja jina lake, ingawa wengi wanaolitaja hawajui kama ni jina la mtu.

Anaitwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Haya, twende.

ALIKOTOKA

Alizaliwa kwenye mwaka 780 hivi. Jina la al-Khwarizmi linatokana na Khwarizm, nchi ya zamani iliyokuwa kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kwa hiyo kwa asili huyu hakuwa Mwarabu, ingawa vitabu vyake vyote aliviandika kwa Kiarabu. Kiarabu kilikuwa ndiyo lugha ya elimu wakati ule, kama Kiingereza leo.

Habari za wazazi wake, mke wake au watoto wake hazikuandikwa. Tunachokijua ni kazi zake na mahali alipozifanyia. Mahali penyewe ni Baghdad.

BAGHDAD NA NYUMBA YA HEKIMA

Baghdad ilikuwa mji mpya. Khalifa al-Mansur aliuanzisha 762, miaka michache tu kabla al-Khwarizmi hajazaliwa. Baada yake akaja Harun al-Rashid, na baadae mwanawe al-Ma'mun, aliyetawala kutoka 813 hadi 833. Al-Ma'mun alipenda elimu kupita kiasi. Chini yake ikanawiri Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, ambamo wataalamu walilipwa mshahara wafasiri vitabu vya Kigiriki, Kihindi na Kiajemi, wapime nyota, wabishane na waandike.

Hapo ndipo al-Khwarizmi alipofanya kazi. Ukitaka kupata picha, fikiria chuo kikuu kizima kinachogharamiwa na mkuu wa nchi mwenyewe, na karatasi, ambayo ilikuwa teknolojia mpya mjini, inapatikana. Karatasi kwao ilikuwa kama intaneti kwetu. Ghafla maarifa yakawa rahisi kunakiliwa na kusafirishwa.

SIFURI NA HATUA

Kazi yake ya mwanzo ninayotaka muijue ni kitabu kuhusu tarakimu za Kihindi. Kabla yake watu wa maeneo yale walihesabu kwa vidole, au kwa herufi za abjadi, zile zile ambazo mafundi wa falaki huku kwetu wanazijua. Ulaya walikuwa na namba za Kirumi. Hebu jaribu kuzidisha XLVIII mara XXVII kwa namba hizo uone mtihani wake!

Wahindi walikuwa na njia bora. Tarakimu tisa tu, na alama moja ya kuonesha kuwa nafasi hii haina kitu. Waarabu wakaiita sifr, sisi tunaiita sifuri. Uzuri wake ni kuwa 5 ikisogea nafasi moja inakuwa 50, ikisogea tena 500. Al-Khwarizmi hakuzibuni tarakimu hizi na wala hakudai hivyo. Yeye aliandika namna ya kuzitumia: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa, hatua kwa hatua, kiasi kwamba mtu ambaye hajawahi kuziona akifuata maelezo anafika kwenye jibu.

Hapo ndipo penye siri yote. Chukua 48 na 27. Nane na saba ni kumi na tano, andika tano, moja weka kichwani. Nne na mbili ni sita, ongeza ile moja, saba. Jibu 75. Mtoto wa darasa la tatu anafanya hivyo bila kufikiri, na hiyo BILA KUFIKIRI ndiyo maana yake. Hatua zikipangwa vizuri, anayezifuata hahitaji kuwa na akili nyingi. Hata chuma kinaweza kuzifuata. Kompyuta inafanya hivyo hivyo, tofauti ni kuwa yenyewe inatumia tarakimu mbili tu, 0 na 1.

Mpangilio kama huo wa hatua unaitwa algorithimu. Na utafiti wa algorithimu, yaani njia ipi ni ya haraka zaidi, ipi inatumia nafasi ndogo, na tatizo gani haliwezekani kabisa hata ukipewa mashine kubwa namna gani, ndio moyo wa idara ya sayansi ya kompyuta. Kompyuta zenyewe zinakuja baadae.

KITABU CHA MIRATHI

Kati ya 813 na 833 akaandika kitabu kilichompa umaarufu zaidi, akamtunuku Khalifa al-Ma'mun. Katika jina lake kuna neno al-jabr, maana yake kurudisha kitu mahali pake. Ni neno lile lile lililotumika kwa mtu anayeunga mfupa uliovunjika. Kutoka hapo ndipo Wazungu wakapata algebra, nasi tukaja kuipata skulini kama aljebra. Kumbe somo lile tunalolikimbia limetoka kwa watu wa karibu, likazunguka Ulaya, ndio likaja Pemba!

Ndani ya kitabu hakuna x wala y. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno. Mfano wake mmoja unajulikana mno: kuna mraba, ukiujumlisha na mara kumi ya upande wake unapata 39, je upande ni ngapi? Anakwambia chukua nusu ya 10, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ongeza kwenye 39, inakuwa 64. Kipeo chake ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Hakiki: 3 mara 3 ni 9, na 10 mara 3 ni 30, jumla 39. Kisha anachora mchoro wa mraba kuonesha KWA NINI njia hii haikosei. Si njia tu, na uthibitisho. Hata hilo limebakia katika idara za leo, kuna watafiti ambao kazi yao ni kuthibitisha kuwa programu haitokosea, mfano ya ndege au ya hospitali.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho skuli hatukuambiwa. Karibu nusu ya kitabu hicho ni MIRATHI NA WASIA. Aljebra iliandikwa ili watu wasigombane baada ya mazishi. Sehemu nyengine ni biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji.

Tuchukue mfano wa kwetu (huu ni wangu, si wa kitabuni). Mzee amefariki, ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Ana mikarafuu 32. Fuata hatua:

1. Toa gharama za mazishi na madeni. Tuseme yamelipwa kwa fedha taslimu.
2. Angalia wasia, usizidi thuluthi. Tuseme hakuacha wasia.
3. Je, marehemu ana mtoto? Kama hana, mke apate robo. Kama anaye, mke apate thumuni. Hapa wapo watoto, kwa hiyo thumuni ya 32 ni mikarafuu 4.
4. Imebaki 28. Mwanamme anahesabiwa mafungu mawili, kila mwanamke fungu moja. Jumla mafungu manne. 28 gawa kwa 4 ni 7.
5. Kijana wa kiume 14, kila binti 7.

Jumlisha: 4, 14, 7 na 7 ni 32. Hakuna mkarafuu uliopotea.

Umeona? Hiyo ni programu kamili. Ina mpangilio ambao huwezi kuuruka, maana ukigawa kabla ya kulipa deni umedhulumu. Ina pahala pa KAMA na KAMA SIVYO. Ina pa kuhakiki mwishoni. Mtu anayeweza kufanya mirathi kwenye daftari ameshaanza kusoma sayansi ya kompyuta, ila hajaambiwa tu. (Mambo ya kweli mupeleke kwa Kadhi, musije mukagawana kwa globu yangu.)

RAMANI YA DUNIA

Mwaka 833 alimaliza kitabu cha sura ya dunia. Alichukua kazi ya Ptolemy, mtaalamu wa Alexandria aliyeishi miaka 700 kabla yake, akaisahihisha. Ptolemy aliirefusha mno Bahari ya Mediterania, al-Khwarizmi akaipunguza ikakaribia ukweli. Ndani yake mna sehemu 2,402, miji, milima, visiwa na mito, kila moja na longitudo na latitudo yake. Nakala ya zamani ya kitabu hicho ipo hadi leo Strasbourg, Ufaransa.

Orodha kama ile leo tungeiita kanzidata. Na idara za kompyuta zina watafiti wa kanzidata na watafiti wa ramani za kidijitali. Huku kwetu kazi hiyo tumeiona kwa macho. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilirusha droni juu ya Unguja na Pemba kupiga picha kwa ajili ya ramani, na miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha ni wanafunzi wa SUZA. Mwaka 2018 picha hizo zikawekwa kwenye mashindano ya akili mnemba: watu wa nchi mbali mbali waandike programu itakayotambua paa za nyumba zetu, ipi imekamilika, ipi bado, na upi ni msingi tu. Yaani mtu ambaye hajawahi kufika Pemba aliifundisha mashine kuitambua nyumba ya Mpemba. Mimi sisemi ni vibaya. Nasema tu, na sisi tuwemo.

WENZAKE WA BAGHDAD

Al-Khwarizmi hakuwa peke yake. Baghdad ya wakati ule, ukiitazama vizuri, ilikuwa kama idara nzima.

Alikuwepo al-Kindi, aliyefariki kwenye 873. Huyu aliandika namna ya kufungua barua za siri kwa kuhesabu herufi inayojirudia zaidi. Jaribu mwenyewe na ukurasa wa Kiswahili, utaona a inaongoza. Kwa hiyo kwenye barua ya siri, alama inayojirudia kuliko zote huenda ndiyo a. Hiyo leo inaitwa kriptografia, imo kwenye usalama wa mitandao, na ndiyo inayolinda namba yako ya siri unapotuma hela kwa simu.

Walikuwepo ndugu watatu, watoto wa Musa bin Shakir (si huyu wetu, Musa mwengine). Kwenye 850 walitoa kitabu cha mashine kama mia moja, ikiwemo filimbi inayojipiga yenyewe. Hao ndio babu zao watu wa roboti.

Na walikuwepo wafasiri, mkubwa wao Hunayn bin Ishaq. Leo kuna kitengo kinachofundisha kompyuta lugha za watu. Kiswahili kimo, mfano Mozilla walianza kukusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili 2021 kwenye mradi wao wa Common Voice ili mashine zijifunze kutusikia.

KHALIFA MGONJWA

Kuna kisa kimoja anakisimulia mwanahistoria al-Tabari. Mwaka 847 Khalifa al-Wathiq aliumwa sana. Wakaitwa wataalamu wa nyota, al-Khwarizmi akitajwa miongoni mwao, waangalie atapona au vipi. Wakapiga hesabu, wakamwambia ataishi miaka hamsini mengine. Baada ya siku kumi akafariki.

Wengine wanakichekea kisa hiki. Mimi naona ndiyo funzo kubwa kuliko yote. Hawa walikuwa mabingwa wa hesabu duniani. Hatua zao huenda hazikuwa na kosa hata moja. Lakini walichoanzia nacho, nyota, hakina uhusiano na maradhi ya mtu. Hesabu ikiwa sahihi kila hatua, jibu bado linaweza kuwa la uongo.

Akili mnemba ya leo iko hivyo hivyo. Inatabiri kutokana na kile ilicholishwa. Kuna programu ya simu inaitwa Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA. Unaielekezea jani la muhogo, inakwambia lina maradhi gani, na inafanya kazi hata bila ya intaneti. Inaweza hivyo kwa sababu ilifundishwa kwa picha za mihogo halisi, na nyingi zilipigwa mashambani hapa Tanzania. Ingefundishwa kwa majani ya nchi ya mbali isiyojua muhogo, ingekuwa kama wale wanajimu mbele ya Khalifa. Ndio maana watafiti wa vyuo wanahitajika wawe watu wanaolijua shamba, si kompyuta peke yake.

JINA LILIVYOSAFIRI

Al-Khwarizmi mwenyewe alifariki kwenye 850. Mwaka 1258 Wamongolia wakaivamia Baghdad, na vitabu vingi vikapotea. Lakini vya kwake vilikuwa vimeshavuka bahari. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kile cha aljebra kwa Kilatini akiwa Segovia, Hispania. Kile cha tarakimu, asili yake ya Kiarabu imepotea kabisa, tunakijua kwa Kilatini tu. Wafasiri walipoliandika jina lake likawa Algorizmi au Algoritmi. Wasomaji wa Ulaya wakazoea kuiita njia ile kwa jina la mwenyewe, mwisho wakasahau kama kulikuwa na mtu.

Mwaka 1979 wataalamu wa kompyuta, wakiwemo Donald Knuth wa Marekani na Andrei Ershov wa Umoja wa Kisovieti, walikutana Urgench, pale pale Khwarizm, kuzungumzia algorithimu. Marekani na Wasovieti wakati ule hawakuwa wanapikika chungu kimoja, lakini kwa ajili ya mzee huyu walikaa. Na 1983 Wasovieti wakatoa stempu yenye sura yake kuadhimisha miaka 1,200 ya kuzaliwa.

HAYA, NA SISI?

Tusidanganyane, vifaa vina umuhimu. Sisi wa Wesha tunajua. Kabla ya 2010 umeme wa Pemba ulitegemea majenereta ya dizeli hapa hapa kwetu, na tulilala kiza mara ngapi? Mwaka huo ndio ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. SUZA nayo iliundwa kwa sheria ya 1999 ikaanza kufundisha 2001, kabla ya hapo ukitaka chuo kikuu cha serikali lazima uvuke.

Kwa hiyo simwambii mtu kompyuta si kitu. Ninachosema ni kuwa kukosa kompyuta nyumbani isiwe sababu ya kulifuta jina lako kwenye fomu. Wanaoanguka kwenye kozi hizi mara nyingi hawaangushwi na kibodi, wanaangushwa na hesabu na kutopanga hatua. Hayo mawili yanafanyika kwa daftari na kalamu, chini ya mwembe, kama alivyofanya yeye. Mashine utazikuta chuoni.

Basi nawaachia kazi. Mama amefariki, ameacha mume, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, na mikarafuu 48. Hana deni wala wasia. Mume akiwa na watoto anapata robo. Andika HATUA zako kwenye maoni hapo chini, si jibu tu. Anayeandika jibu bila hatua simchapishi, namwambia mapema!

Nawasilisha.